Wiki ya Sita ya Rehema

Ndugu zangu wa mtaani, na ninyi wenzangu tuliostaafu pamoja, tangu tuliporudi mmekuwa mkiniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, ilikuwaje. Nimewajibu nusunusu, na mtu akijibu nusunusu watu humalizia wenyewe. Nimesikia yanayomaliziwa. Kwa hiyo nimeona niiandike safari yote mara moja, hatua kwa hatua, kila jambo mahali pake. Jina la hospitali tuliyokwenda sitalitaja wala la mji wake, kwa kuwa sikuomba ruhusa. Habari za kutafuta nauli na barua za rufaa naziacha, kwani hazimfundishi mtu kitu.

Mbagala, kabla ya kuondoka

Mjukuu wangu Rehema alizaliwa siku ya Jumanne, mimba ya mama yake ikiwa na wiki ishirini na tisa tu. Uzito wake ulikuwa kilo moja na robo. Mama yake ni binti yangu Zuhura, ambaye wengi wenu mnamfahamu. Mtoto alikaa wodi ya njiti kwa wiki tano, mpira wa oksijeni puani, na akaruhusiwa Jumanne vilevile. Siku hiyo muuguzi wa wodi, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alituketisha mimi na Zuhura kwenye benchi.

“Mzee, hewa ile ya mpira ndiyo iliyomwokoa,” alisema. “Lakini macho ya njiti huharibika kimyakimya. Wiki ya sita lazima aangaliwe na mtaalamu. Hapa hatuna. Yupo kaskazini, na watoto huwaona siku za Alhamisi. Msingoje kuona dalili, maana mkishaiona mtakuwa mmechelewa.”

Akaandika kwenye kadi: *Macho, wiki ya sita.* Nikamshukuru, nikaipokea kadi kwa mikono miwili.

Nyumbani mke wangu, Bi Mwanaidi, alikuwa amekwisha tandika chumba cha uani. Zuhura angekaa kwetu arobaini yake, kama desturi inavyotaka, mumewe akiendelea na kazi yake ya upakuzi bandarini. Nilimweleza mke wangu habari ya wiki ya sita. Aliniuliza swali moja: wiki ya sita tangu lini?

“Njiti hahesabiwi akiwa wodini,” alisema. “Kule alikuwa bado wa hospitali. Marehemu mama alituhesabia hivyo, na sie tutahesabu hivyo. Mtoto anaanza siku anayovuka kizingiti. Utamtoaje nje wiki ijayo? Hata arobaini yenyewe haijaisha!”

Mnajua kwamba nilikuwa mkuu wa masijala kwa miaka ishirini na sita. Katika masijala, barua haihesabiwi tangu siku ilipoandikwa. Huhesabiwa tangu siku ilipopokelewa na kupigwa mhuri. Ikiwa imekaa njiani mwezi mzima, hilo ni la njia. Hivyo mila ya mke wangu na utaratibu wa ofisi yangu vilikubaliana bila mabishano. Nilichukua kalenda ya ukutani nikahesabu wiki sita tangu Jumanne ya kuruhusiwa, nikazungushia tarehe wino mwekundu. Zuhura alisimama mlangoni akiniangalia. Nilipofunika kalamu alirudi chumba cha uani.

Arobaini iliisha Jumapili. Mtoto alinyolewa, akaombewa dua, akatolewa nje akaonyeshwa jua. Jumatatu asubuhi tukaondoka, na mimi nilikuwa na hakika kabisa kwamba tunakwenda kwa wakati.

Mbagala hadi Kinondoni

Jirani yetu mwenye biashara ya saruji alitupa lifti kwenye gari lake dogo la mizigo. Zuhura alikaa mbele na mtoto, mimi nikakaa nyuma juu ya mifuko mitupu. Nilifika Kinondoni mweupe kama mwokaji mikate. Tulikusudia kulala huko kwa shemeji yangu Hamza, fundi cherehani, ili alfajiri tuwe karibu na kituo cha mabasi ya mikoani.

Hamza ni mtu mwema mwenye kasoro moja: huamini kwamba kila kitu sasa kinapatikana dukani. Tangu biashara ilipofunguliwa, barabara yake imejaa vibanda vya redio, viatu vya mitumba na zahanati za watu binafsi zenye mabango makubwa kuliko vyumba vyake.

“Shemeji, unakwenda kaskazini kufanya nini?” aliniuliza hata kabla sijajipangusa saruji. “Hapo kona kuna daktari wa macho. Ana mashine. Miwani anakupa palepale. Siku hizi si zile za foleni.”

Nilikataa. Lakini Zuhura alikuwa amechoka, na niliona machoni pake tumaini la kurudi nyumbani siku ileile. Tukaenda.

Daktari huyo alikuwa mwanamume wa makamo mwenye koti jeupe lenye nembo ya kiwanda cha biskuti. Ukutani alikuwa ametundika miwani ya jua karibu mia. Alimulika macho ya Rehema kwa kurunzi ya kawaida, ya betri mbili, kwa muda usiozidi wa mtu kupiga chafya.

“Mtoto mzima huyu,” alisema. “Mtoto mchanga haoni mpaka miezi mitatu. Mleteni akiwa na miezi sita.”

“Muuguzi alisema wiki ya sita,” nikamwambia.

“Wauguzi nao! Mzee wangu, mtamtesa mtoto bure barabarani.”

Nilimuuliza alisomea wapi. Akaniuliza kama nataka miwani ya kusomea. Niliondoka hapo nimekasirika kiasi cha kusahau kofia yangu, na ilibidi Hamza arudi kuichukua. Usiku ule niliandika kwenye daftari langu jina la zahanati, nikikusudia kuliwasilisha panapohusika. Niliona nimekutana na mtu aliyetaka kumpofusha mjukuu wangu kwa uvivu. Ndivyo nilivyoandika, na maneno hayo bado yapo.

Kinondoni hadi Korogwe

Basi lilipaswa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, na kwa ajabu likaondoka saa kumi na mbili na robo. Lilikuwa basi jipya la mfanyabiashara binafsi, lenye televisheni juu ya kichwa cha dereva. Ilionyesha sinema ya mapigano ya watu wa Mashariki ya Mbali kwa sauti ya kupasua masikio. Nilimwomba utingo apunguze kwa sababu tuna mtoto njiti.

“Mzee, hiyo ni burudani ya kampuni,” akajibu. “Imo ndani ya nauli.”

Jirani yetu wa kiti alikuwa mwanamke wa Kipare, muuza mitumba, akirudi Same na marobota mawili. Alijitambulisha kuwa Mama Namsifu. Alimtazama Rehema, akanitazama mimi, akamtazama tena Rehema.

“Baba, umezaa uzeeni hivi?”

“Ni mjukuu wangu. Huyu hapa ni mama yake, binti yangu.”

“Basi usinune, nilikuwa nakusifu.”

Abiria wa nyuma walicheka. Zuhura naye alicheka, mara ya kwanza tangu tuondoke Mbagala, kwa hiyo nikalisamehe neno hilo.

Saa nne asubuhi, tukiwa tumepita Mkata, rejeta ilipasuka. Mvuke ulijaa mbele, watu wakatoka kwa milango na madirisha, na abiria mmoja mwenye kuku akawatanguliza kuku wake. Utingo alitutangazia kwamba fundi anakuja sasa hivi.

“Sasa hivi ya saa ngapi?” nikamuuliza.

“Sasa hivi ya sasa hivi, mzee.”

Ilikuwa sasa hivi ya kungoja muda wa saa tisa nzima. Nilihesabu. Dereva aliondoka kwa lori lililopita kwenda kutafuta rejeta nyingine, na utingo akalala chini ya basi. Jua lilipanda. Hapakuwa na kivuli isipokuwa cha basi lenyewe, nacho kilikuwa kikihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na sisi tukihama nacho, abiria hamsini na kitu na kuku. Wanakijiji walituletea mahindi ya kuchoma na machungwa, na kadiri saa zilivyopita ndivyo mahindi yalivyozidi kuwa machache na meusi. Mama Namsifu alifungua bakuli lake la makande akamlazimisha Zuhura ale.

“Kula, mwanangu. Maziwa hayatoki kwenye mawazo.”

Alimpokea mtoto ili Zuhura ale kwa mikono miwili. Akamchezea, kama wanawake wafanyavyo. Alichukua ncha ya kanga yake nyekundu akaipitisha mbele ya uso wa Rehema, kulia, kushoto, kulia tena. Alifanya hivyo mara kadhaa. Kisha akaacha.

“Huyu mbona hafuati?” alisema kwa sauti ya chini.

“Amechoka,” Zuhura akajibu upesi.

“Eh. Amechoka. Joto hili.” Akambusu mtoto utosini, akamrudisha kwa mama yake, na hakuichezesha tena ile kanga.

Mimi nilikwenda kumwamsha utingo. Nilimweleza kwamba mtoto yule ana miadi ya daktari kwa tarehe maalumu, kwamba kuchelewa kwake kunaweza kumgharimu macho, na kwamba kampuni yake itawajibika. Nilisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia hata kwa makarani waliopoteza mafaili. Alinisikiliza akiwa amelala, akipangusa jasho.

“Mzee, mie ningekuwa rejeta ningejipasua?” akaniuliza.

Abiria walicheka tena. Mimi sikucheka.

Tuliondoka hapo saa moja jioni, tukalala Korogwe kwenye nyumba ya wageni yenye kunguni. Zuhura hakumlaza mtoto kitandani. Alimpakata mpaka asubuhi.

Korogwe hadi kaskazini

Kuhusu siku ya Jumatano sina mengi. Mashamba ya mkonge yalituandama muda mrefu, safu kwa safu, mengine yameachwa yakamea vichaka. Mama Namsifu alishuka Same. Alipokuwa akishuka alimfunga Rehema kofia ya sufu kutoka kwenye robota lake, kubwa hata ikafunika nyusi, akasema kule mbele kuna baridi. Alimwambia Zuhura, “Utanikumbuka kwa dua,” na kwangu akasema, “Baba, usigombane na kila mtu. Hawatatosha.”

Nilichukizwa na maneno hayo, na nilikaa nikiyajibu kichwani hadi mwisho wa safari.

Tulifika alasiri. Hospitali ilikuwa na hosteli ya akina mama, na Zuhura alipata kitanda. Mimi nilipata chumba kwa mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyenikaribisha kwa ndizi zilizopikwa na nyama, na mtungi wa mbege, pombe yao ya ndizi, ambao nilimweleza kwa adabu kwamba dini yangu hairuhusu. Akadhani nimeogopa uchachu wake, akaniletea mwingine mtamu. Tulielewana mwishoni, baada ya mtungi wa tatu kurudishwa.

Chumba cha giza

Alhamisi asubuhi mtoto alitiwa matone ili mboni zifunguke. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye taa iliyofungwa kwenye paji la uso. Chumba kilizimwa taa. Muuguzi alimviringisha Rehema kwa kanga kama mkate, mikono ndani, kope zikashikiliwa wazi kwa kijiwaya. Zuhura aligeukia ukutani. Mimi niliona ni wajibu wangu kutazama, nikatazama. Mtoto alilia kilio ambacho sikuwa nimekisikia kwake, chembamba, cha kukatika.

Daktari alikaa muda mrefu kwenye jicho la kulia. Akahamia la kushoto. Akarudi la kulia. Kisha akaomba taa ziwashwe.

“Mtoto ana umri gani?”

“Wiki sita na siku mbili, daktari,” nikajibu, na nikafungua daftari. “Tulipaswa kufika juzi jioni, lakini basi lilituharibikia. Nina saa zote hapa, na jina la kampuni.”

Hakulitazama daftari. Alichukua kadi.

“Mzee, kwa tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kadi hii, ni wiki kumi na moja na siku mbili.”

“Hiyo ni pamoja na siku za wodini.”

“Ndiyo. Kwa nini hamkuzihesabu?”

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, kwa mpangilio: arobaini, kizingiti, siku ya kupokelewa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe ninachosema. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza, na nilitamani anikatize.

“Macho yake hayakuwa na habari kwamba yuko wodini,” alisema. “Yalikuwa yanaendelea.”

Kisha alituketisha, akazungumza zaidi na Zuhura kuliko na mimi. Alisema nyuma ya jicho kuna pazia linalopokea mwanga, na mishipa ya damu ya pazia hilo humalizika kukua wiki za mwisho za mimba. Mtoto akizaliwa mapema, na hasa akipewa hewa nyingi, mishipa hupotea njia. Huchipua ovyo, hukakamaa, na mwisho hulivuta pazia mpaka likabanduka. Kuna wiki chache ambazo mtu anaweza kuizuia kwa kugandisha ukingo wa pazia kwa ncha ya chombo chenye baridi kali. Kabla ya wiki hizo hakuna haja. Baada yake hakuna faida.

“La kulia limebanduka lote,” alisema. “Siwezi kulirudisha. La kushoto liko ukingoni. Tukilifanya leo, huenda likabaki.”

“Na kama tungekuja ile wiki ya sita?” aliuliza Zuhura. Alikuwa ameugeukia tena ukuta.

Daktari alikunja kadi.

“Ningeanza kumwangalia mapema, kila wiki, na ningeyawahi. Huenda yote mawili,” alisema. “Siwezi kukuapia, mwanangu. Lakini huenda.”

Lilifanywa alasiri ileile. Rehema alirudi kope zimevimba kama aliyepigwa. Tulikaa huko wiki mbili tukisubiri. Kila siku nilikwenda hosteli, nikakaa kwenye ngazi na Zuhura, tukamtazama mtoto amelala. Mlima mkubwa wa huko ulijifunua mawinguni mara mbili tu katika muda wote huo. Zuhura hakuinua uso kuutazama. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, na kila siku niliyaahirisha, nikijiambia kwamba nasubiri majibu yakamilike ili nisiseme jambo nusu.

Baada ya wiki mbili daktari alimulika tena. La kushoto lilikuwa limetulia. Ataona kwa jicho hilo, alisema, kwa msaada wa miwani mizito, na atahitaji kukaa mbele darasani. La kulia litasinyaa kidogo kadiri anavyokua, na watu watalitazama.

Kurudi Mbagala

Kurudi hakukuwa na kisa. Basi halikuharibika mahali popote.

Tulipofika nyumbani mke wangu alikuwa amekwisha tangaza habari mtaani, maana nilimpigia simu jirani wa saruji akampelekea ujumbe. Wanawake walijaa uani. Walimpokea mtoto kwa zamu, wakamgeuza kuelekea mwanga, wakasema “masikini,” wakasema “kudra.” Nikasikia mmoja akimweleza mwingine kwamba basi lilikufa njiani siku mbili, na ndilo lililoponza jicho.

“Mabasi haya ya siku hizi,” alisema Bi Mwanaidi. “Watu wanataka fedha tu.”

Alikuwa akinitazama aliposema hivyo. Niliitikia kwa kichwa. Hilo nalo naliandika: niliitikia. Na kwa wiki tatu, kila mmoja wenu aliponiuliza, nilisimulia habari ya rejeta ya Mkata, nikaisimulia vizuri, mpaka mkacheka pale kwa utingo.

Juzi nilimwita Zuhura sebuleni, Rehema akiwa mapajani mwake. Nilimwomba akae. Nilimwambia kwamba basi lilitupotezea saa tisa, na kwamba mimi nilipoteza siku thelathini na tano. Nikamwambia kwamba kadi ilikuwa wazi, kwamba mama yake aliuliza tu ila kalamu ilikuwa yangu, na kwamba kosa hilo lisiandikwe kwa mtu mwingine yeyote. Nilisema pia kwamba sikutambua, kwamba kila mtu ndani ya nyumba ile aliamini hesabu ile kwa nia njema.

Alimhamisha mtoto bega la kulia, ili uso wake uelekee upande anaoonea.

“Si kila mtu, Baba,” alisema. “Mie nilihesabu. Wiki ya sita ilikuwa Jumanne ile ya kwanza baada ya kutoka hospitali. Niliamka alfajiri nikamwogesha, nikamvisha, nikajifunga kanga ya safari. Nikakaa kitandani nangoja useme twende.”

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

“Ulikuwa umekwisha andika kwenye kalenda,” akajibu.